Titi limekuwa zito baada ya mionzi: ni maji ya limfu au saratani imerudi?

SWALI

Shikamoo Bi Muuguzi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 47, na ninaishi Muheza, mkoani Tanga. Mwaka juzi niligundulika kuwa na saratani katika titi la kushoto. Namshukuru Mungu kwamba uvimbe ulikuwa bado mdogo, hivyo madaktari hawakuliondoa titi lote. Walikata uvimbe pamoja na nyama kidogo iliyouzunguka, kisha wakatoa tezi 14 za kwapani. Kidonda kilipopona nilitundikiwa dripu za kemo, na mwisho nikakaa Dar es Salaam kwa ndugu yangu wiki kadhaa ili nipigwe mionzi. Sasa imetimia miezi minane tangu nimalize mionzi. Nywele zimeota, nimerudi darasani, na watu wananiambia nimependeza.

Jambo linalonisumbua lilianza kidogokidogo, kiasi kwamba siwezi kukutajia siku. Kwanza niliona kwamba sidiria ninayoivaa siku zote inaniachia mfereji mzima chini ya titi la kushoto, ilhali upande wa kulia hauna alama. Nikadhani nimenenepa. Baadaye, kila nikitoka kazini jioni, nikawa nahisi titi hilo limekuwa zito kana kwamba limejaa maziwa, hali ambayo mama yeyote aliyenyonyesha anaijua, ingawa mwanangu wa mwisho ana miaka 15. Haliumi sana, linabana, na mara nyingine linachomachoma kama sindano ndogo. Mwezi uliopita, nikijipaka mafuta mbele ya kioo, niliona ngozi ya sehemu ya chini imekuwa nene na ina vishimo vidogovidogo. Bi Muuguzi, mimi ni mtu wa Muheza. Ganda la chungwa nalijua hata gizani, na hilo ndilo nililoliona kwenye titi langu.

Nilikwenda kituo cha afya. Aliyenihudumia mara ya kwanza alisema hiyo ni kawaida ya mionzi. Wiki tatu baadaye mwingine alisema ni maambukizi, akanipa antibayotiki za siku saba. Nikazimaliza, hali ikabaki ileile, nikaongezewa nyingine za aina hiyohiyo. Nyumbani nako kila mtu ana lake. Jirani anasema ni matende, kwa kuwa huku kwetu matende yapo. Mama mkwe wangu, ambaye ananipenda na ndiye aliyeniuguza muda wote huu, anataka nikandwe kwa maji ya moto na majani, kisha nikaumikwe ili damu mbaya itoke. Mume wangu hasemi kitu, lakini usiku najua hajalala.

Hospitalini walinionya kwamba mkono unaweza kuvimba, na mkono wangu nauangalia kila siku. Titi hakuna aliyenitajia. Nitajuaje kama huu ni uvimbe wa maji tu au saratani imerudi? Siku yangu ya kliniki Dar es Salaam ni baada ya miezi miwili, nisubiri? Niendelee kubeba ndoo ya maji? Nimkubalie mama mkwe? Na la mwisho naona haya kuliuliza katika mambo mazito kama haya: Desemba binti wa dada yangu anaolewa Tanga mjini, na nimeshanunua sidiria yenye waya ili gauni linikae vizuri. Naweza kuivaa?

Mwalimu, Muheza

JIBU

Marahaba, Mwalimu. Nianze na lile lisiloweza kungoja: usisubiri miezi miwili. Piga simu hospitali iliyokutibu, au nenda hospitali ya rufaa ya mkoa ukiwa na makaratasi yako yote, na uonwe wiki hii au ijayo. Sisemi hivyo kwa sababu nadhani saratani imerudi. Maelezo yako, tangu mfereji wa sidiria hadi uzito wa jioni, yanafanana sana na hali iitwayo limfedema ya titi, yaani uvimbe unaotokana na maji ya limfu kukosa njia ya kutoka. Lakini ngozi ya ganda la chungwa ni alama ambayo hakuna mtu mwaminifu anayeweza kuisoma kwa barua wala kwa macho peke yake, na antibayotiki ulizokwisha kumeza mara mbili bila mabadiliko ni sababu tosha ya kutokubali dozi ya tatu kabla ya kupimwa.

Ulichosema kuhusu kuonywa juu ya mkono na kutotajiwa titi kimenigusa, kwa kuwa nilikuwa miongoni mwa wauguzi waliokuwa wakitoa onyo hilo nusu. Tulikuwa tunamfundisha mgonjwa kupima mkono kwa utepe wa fundi cherehani, tunamwambia avue pete mapema, kisha tunamruhusu aende nyumbani, na wala hatukufikiri kwamba titi lenyewe, ambalo sasa tumeliacha mwilini badala ya kuliondoa, linategemea njia zilezile za kwapani ambazo tumezikata. Enzi ambazo karibu kila mwenye saratani aliondolewa titi lote, jambo hilo halikuwa na mahali pa kutokea isipokuwa ukutani mwa kifua. Leo wanawake wengi zaidi wanabaki na titi lao, na kwa hiyo wengi zaidi wanaweza kupata uvimbe huu, hasa wale waliotolewa tezi nyingi za kwapani, waliopigwa mionzi, wenye matiti makubwa, na wenye uzito mkubwa wa mwili.

Njia yenyewe hufanya kazi hivi. Kila siku maji huvuja kutoka kwenye mishipa midogo ya damu na kuingia katika nyama za mwili, yakiwa na protini na takataka ndogondogo. Mengi hurudi kwenye damu, na yanayobaki huokotwa na vijifereji vyembamba mno, ambavyo maji yake ndiyo limfu, kisha hupitishwa kwenye tezi ili yachujwe kabla ya kurejeshwa kwenye mishipa mikubwa karibu na shingo. Zaidi ya robo tatu ya limfu ya titi huelekea kwapani. Wewe umetolewa tezi 14 huko, na mionzi nayo, ambayo ilikuwa ya lazima ili kuua chembe za saratani ambazo huenda zilibaki, huacha kovu ndani ya nyama na kuvibana vijifereji vilivyosalia. Wakati wa masika umeona mtaro ulioziba unavyorudisha maji uani polepole, kwanza kwenye pembe ya chini kabisa. Titi nalo ni hivyohivyo: maji hukaa sehemu ya chini, na ndiyo maana ngozi ya huko ndiyo uliyoiona imebadilika kabla ya kwingine.

Sasa dalili zenyewe, na nitazieleza kwa kirefu kwa sababu wengine wanaosoma barua yako huenda wanazo na hawajui wanachokiangalia. Dalili ya kwanza mara nyingi haionekani, huhisiwa. Ni uzito, kujaa, kubana, wakati mwingine kuchomachoma kama ulivyosema, na kwa kawaida huzidi jioni baada ya mwili kuwa wima mchana kutwa, kisha hupungua kidogo asubuhi. Anayelalia upande uliotibiwa anaweza kuona kinyume chake, akaamka titi likiwa limejaa zaidi. Baada ya hisia huja alama za nguo: mshono wa sidiria, utepe wa begani, hata ukingo wa kanga iliyofungwa kifuani, vinaacha mstari unaochukua muda mrefu kufutika. Ulidhani umenenepa, nawe si wa kwanza. Lakini unene hauchagui titi moja.

Kisha huja mabadiliko ya ngozi. Vishimo vya ganda la chungwa hutokea kwa sababu ngozi imejaa maji na kuinuka, ilhali vinyweleo vimeshikiliwa chini na nyuzi zake na haviwezi kuinuka pamoja nayo. Karibu maandishi yote ya hospitali husema titi litakuwa jekundu, na hapo wanawake weusi tunapotezwa. Kwenye ngozi yetu wekundu unaweza usionekane kabisa; utakachoona ni weusi uliokolea, rangi ya zambarau iliyofifia, au mng'ao kama wa ngozi iliyovutwa. Zaidi ya hayo, mionzi yenyewe huacha ngozi ikiwa nyeusi zaidi kwa miezi mingi. Kwa hiyo rangi peke yake haikuambii kitu. Tumia mkono: weka nyuma ya kiganja chako kwenye titi lililotibiwa, kisha kwenye lile jingine, na ulinganishe joto. Joto kidogo linaweza kuwepo katika limfedema, lakini titi linalowaka ni habari nyingine, nami nitaifikia.

Unaweza pia kulibonyeza. Weka kidole gumba sehemu ya chini ya titi, kandamiza taratibu kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, kisha ondoa. Kishimo kikibaki na kujaa polepole, hayo ni maji. Halafu shika ngozi kidogo kwa vidole viwili kama unayechota chumvi, upande wa kushoto na upande wa kulia mahali palepale, na usikilize unene wake. Unapofanya hivyo usiishie kwenye titi. Pitisha mkono ubavuni chini ya kwapa, na mwombe mumeo akutazame mgongoni nyuma ya kwapa, kwani maji hujificha huko pia. Nadhani naye atafurahi kupewa kazi ya kufanya badala ya kukesha akiwaza. Mkono uendelee kuuangalia: saa, bangili, mkono wa blauzi.

Fanya ukaguzi huu mara moja kwa wiki, saa ileile ya siku, na uandike kwenye daftari, kwa sababu titi haliwezi kupimwa kwa utepe kirahisi kama mkono, na kumbukumbu ya mtu mwenye hofu hubadilika kila siku. Wengine hujipiga picha kwa simu wakiwa wamesimama mahali pamoja penye mwanga uleule. Ni njia nzuri sana, ila ukiitumia zifungie picha hizo kwa namba ya siri. Najua simu za walimu zinavyoshikwa na watoto.

Aliyekuambia kwamba ni kawaida ya mionzi alikuwa na sehemu ya ukweli. Titi karibu kila mara huvimba kiasi wakati wa mionzi na wiki zinazofuata, na uvimbe huo hupungua kadiri miezi inavyopita, ingawa kwa wengine huchukua mwaka au zaidi. Swali ambalo angepaswa kukuuliza ni kwamba uvimbe unaelekea wapi. Uvimbe wa mionzi unaofuata njia yake hupungua. Wako ulianza baadaye na unaongezeka. Limfedema huweza kujitokeza wakati wowote, mara nyingi ndani ya miaka miwili ya kwanza, lakini wapo walioipata baada ya miaka mingi.

Nije kwenye hofu yako kubwa. Saratani pia inaweza kulifanya titi livimbe na ngozi iwe kama ganda la chungwa, na sababu yake haiko mbali na hii ya kwako: chembe za saratani huingia ndani ya vijifereji vya limfu vya ngozi na kuviziba. Mtaro ni uleule, kilichouziba ndicho kimetofautiana, na ndiyo maana hata daktari mzoefu hawezi kuapa kwa kutazama tu. Yapo mambo yanayoongeza shaka, nayo ni uvimbe mgumu mpya ndani ya titi au kwenye kovu, chuchu iliyoanza kuzama ndani, majimaji au damu kutoka kwenye chuchu, ngozi iliyovutwa ikabonyea mahali pamoja, vidonda au vipele visivyopona, na mitoki inayoguswa kwapani au juu ya mtulinga. Hukutaja hata moja kati ya hayo. Hilo linanipa moyo, lakini halikuondolei safari. Kwa wale waliopigwa mionzi miaka mingi iliyopita nitaongeza jambo moja: baka jipya la zambarau, mfano wa damu iliyovilia, linalotokea kwenye ngozi ya titi bila kugongwa na lisilofutika, lipelekwe kwa daktari haraka.

Ukifika hospitali, tarajia daktari ayatazame na kuyashika matiti yote mawili pamoja na kwapa na shingo, na akiridhika kwamba kuna haja atakuandikia altrasaundi, ambayo huonyesha unene wa ngozi na maji yaliyotapakaa chini yake. Ngozi ya titi lenye afya kwa kawaida haizidi milimita 2 hivi. Anaweza kuongeza mamografia, yaani picha ya eksirei ya titi. Mashaka yakibaki, atachukua kinyama kidogo cha ngozi ili kiangaliwe kwa hadubini. Usikitafsiri kipimo cha kinyama kuwa ni hukumu. Mara nyingi huchukuliwa ili mtu aweze kuambiwa kwa uhakika kwamba hana saratani. Mweleze daktari tarehe ulizomaliza mionzi, idadi ya tezi zilizotolewa, na jina la antibayotiki uliyopewa mara zote mbili na siku ulizoitumia. Na umtajie neno lenyewe, limfedema ya titi, umuulize kama ameifikiria. Mwalimu mwenye daftari mkononi hapuuzwi kirahisi.

Kuna hali mbili ambazo hazingoji hata wiki. Titi likianza kuwaka moto, likauma, rangi yake ikasambaa ndani ya saa chache au siku moja, nawe ukapata homa, kutetemeka kwa baridi au mwili kulegea, hayo ni maambukizi ya ngozi, ambayo hupenda sana mahali penye limfu iliyotuama kwa sababu ulinzi wa mwili wa huko umepungua. Hapo antibayotiki ndiyo dawa, na inatakiwa siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili usiku. Ukiwa njiani chora kwa kalamu ukingo wa sehemu iliyobadilika ili daktari aone kama inasonga. Hali ya pili ni mkono mzima kuvimba ghafla na kuuma, jambo ambalo linaweza kumaanisha damu imeganda kwenye mshipa. Uvimbe wako ulikuja polepole, bila homa na bila maumivu makali, na ndiyo maana mimi nashuku kwamba yale maambukizi uliyotibiwa hayakuwepo.

Matende, ambayo jirani amekutajia, ni ugonjwa wa kweli na Pwani yetu inaujua vizuri. Husababishwa na minyoo midogo inayosambazwa na mbu, ambayo hukaa ndani ya vijifereji hivihivi vya limfu na kuviharibu, na ingawa tumezoea kuuona miguuni na kwenye mabusha, unaweza kufika hadi kwenye titi. Kwa hiyo jirani hakusema upuuzi. Lakini uvimbe uliochagua titi lilelile lililokatwa na kupigwa mionzi, ndani ya mwaka uleule wa matibabu, una maelezo yake karibu zaidi, na daktari akitaka kuondoa shaka, kipo kipimo cha damu cha minyoo hiyo. Matende na hali yako vinakutana katika jambo moja lenye faida: ngozi yenye limfu iliyotuama hutunzwa kwa usafi. Oga kwa sabuni isiyo kali, kausha vizuri hasa kwenye mkunjo chini ya titi ambako fangasi hupenda kuota, paka mafuta yasiyo na manukato makali, lala ndani ya chandarua, na usinyoe kwapa la kushoto kwa wembe mkavu.

Sasa tuzungumze kuhusu mama mkwe wako, maana najua swali hilo ni gumu kuliko la daktari. Jibu ni hapana kwa yote mawili. Kuumika kunachanja ngozi, na kila mchanjo kwenye ngozi hiyo ni mlango wa bakteria. Nami sijali kama ni pembe la ng'ombe la zamani au vikombe vya kisasa vya hijama vinavyotangazwa mijini. Maji ya moto nayo huita damu zaidi kwenye eneo ambalo tayari limeshindwa kuyatoa maji yake, na ngozi iliyopigwa mionzi au kukatwa mishipa ya fahamu inaweza kuungua bila wewe kuhisi. Hata kukandwa kwa nguvu kwa mafuta ya kuchua hakufai. Mwambie kwa heshima kwamba daktari amekataza ngozi hiyo isitobolewe wala kuchomwa, na usimwachie mikono mitupu: mwanamke aliyekuuguza akaona umepona ana haki ya kuendelea kuhudumu. Mpe kazi ya kukukausha mgongo na ubavu baada ya kuoga, au aende nawe kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, ajifunze ukandaji ambao kweli unafaa.

Ukandaji huo upo, nao utashangaa ulivyo mwepesi. Mkono husogeza ngozi tu, polepole, kama unayembembeleza mtoto asiamke, na hauanzii kwenye titi; huanza shingoni na kwenye kwapa la upande wa pili, wakati mwingine na kwenye kinena cha upande uleule, ili kufungua njia nyingine, ndipo maji ya titi yaelekezwe huko. Hufanywa pamoja na pumzi ndefu za tumboni, ambazo husaidia kuivuta limfu kuelekea kifuani. Ujifunze kwa mtu aliyefunzwa kabla ya kujifanyia nyumbani. Ulizia idara ya fiziotherapia katika hospitali ya rufaa. Wataalamu wa fani hiyo wamekuwa wakifundishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, kwa miaka mingi, na vituo vinavyotoa mionzi kama Ocean Road ya Dar es Salaam na Bugando ya Mwanza vinawaona wagonjwa wa namna yako mara kwa mara. Wasipokuelekeza wenyewe, omba barua ya rufaa. Pamoja na ukandaji hutumika mgandamizo wa wastani kwa sidiria maalumu au vipande vya sponji laini vinavyowekwa mahali palipovimba, lakini hayo yote yaanze baada ya daktari kuthibitisha kwamba hakuna saratani wala maambukizi. Usikubali kupewa vidonge vya kukojosha kwa ajili ya uvimbe huu. Vinaondoa maji mwilini, protini zinabaki pale kwenye titi, nazo huyavuta maji tena. Kama unavimeza kwa ajili ya presha, hiyo ni habari nyingine, endelea navyo.

Utataka kujua kama itapona. Limfedema ni hali ambayo mtu hujifunza kuishi nayo na kuidhibiti, na kwa titi wengi huona uvimbe ukipungua sana kadiri muda unavyopita, hasa wakianza mapema, wakati kidole gumba bado kinaacha kishimo. Ikiachwa kwa miaka, nyama hugeuka ngumu kama kovu, na hapo kuitoa ni kazi kubwa zaidi.

Kuhusu ndoo, nina deni la kukiri jingine. Tuliwakataza wanawake wengi kubeba chochote kwa mkono wa upande uliotibiwa, wengine wakakaa miaka bila kuunyanyua hadi ukakauka begani. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wanawake wenye limfedema ya mkono walioanza kunyanyua vitu vizito kidogokidogo, kwa kuongeza polepole na kwa kusimamiwa, hawakuzidiwa na uvimbe, na dalili zao zilipungua. Misuli inapojikaza na kulegea ndiyo pampu ya limfu. Basi usiache kuchota maji; anza na dumu dogo, ongeza baada ya wiki kadhaa, na titi likiwa zito zaidi siku inayofuata rudi nyuma hatua moja. Nyoosha mkono juu mara kadhaa kwa siku, na kama unaandika ubaoni kwa mkono wa kulia, futa ubao kwa wa kushoto.

Na harusi. Usione haya, kwa sababu hilo ni swali la kitabibu kama mengine yote. Waya wa sidiria hukandamiza ukingo wa chini wa titi na ubavu, mahali hasa ambapo maji yako yanajaribu kupita, na katika shughuli ya Tanga inayoanza alasiri na kwisha alfajiri utakuwa umeubana kwa saa kumi na mbili. Usiivae hivyo ilivyo. Mpelekee fundi wako wa nguo, autoe waya, aweke utepe mpana begani na kitambaa laini chini, na aiongeze upande wa kwapa ili iishike nyama yote badala ya kuikata katikati. Akushonee sasa hivi, wala usingoje Desemba, kisha uivae siku mbili za kazi mfululizo na kila jioni uangalie imeacha mstari gani. Gauni nalo lipimwe ukiwa umeivaa hiyo.